Mama Alipoingia Kwenye Hesabu Zangu

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta zinazowasaidia madaktari kujua dawa ipi inatibu. Nikiwaambia hivyo watu wa Moshono, ninakoishi, wengi hudhani nina duka la dawa. Jirani yangu mmoja aliwahi kunigongea mlango asubuhi akitaka ya mafua, na nilipomwambia sina, aliondoka amenuna kama mtu aliyenyimwa.

Majaribio ya dawa ninayoyafanyia kazi hujirekebisha yakiwa njiani. Katika jaribio la kawaida, wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, huyu dawa hii na yule dawa ile, kisha kila mtu hungoja mpaka mgonjwa wa mwisho amalize ndipo hesabu ifanywe. Katika haya yetu, programu huchungulia matokeo kadiri yanavyoingia. Ikiona dawa moja inaelekea kushinda, inaanza kuwapeleka wagonjwa wapya wengi zaidi upande huo. Ikiona nyingine haifai, inawaambia wakubwa walifunge kundi lile. Ukiieleza inasikika kuwa kazi ya huruma, lakini ukiiandika ni kazi ya wasiwasi, kwa sababu matokeo ya mwanzo hudanganya. Wagonjwa wachache wakipona kwa bahati yao tu, programu isiyo na subira itaikimbilia dawa mbovu.

Jaribio ninalotaka kulisimulia lilihusu ile homa ambayo watu huipata kutoka kwa ng'ombe na mbuzi, kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumsaidia mnyama kuzaa. Huja na kuondoka. Mtu analoa jasho, viungo vinamuuma, anatibiwa malaria, anapata nafuu kidogo, kisha inarudi. Kwetu kwenye miteremko ya Meru kila ukoo una mtu aliyewahi kuipata. Dawa zipo, ila hakuna aliyekuwa na uhakika ni mchanganyiko upi unaoing'oa kabisa. Kwa hiyo kulikuwa na makundi matatu, yote yanapewa dawa ya kweli, na vidonge vilifungwa kwa namna moja ili mgonjwa wala nesi asijue nani yuko wapi.

Tulikuwa wawili kwenye programu ile. Mwenzangu alikuwa mwanatakwimu, binti wa familia ya Kiislamu iliyohamia Arusha kutoka Tanga kuuza vitambaa, mtu mtulivu ambaye sijawahi kumsikia akiinua sauti. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Kijenge, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Kihindi iliyokaa mjini tangu enzi za babu zao. Chini walikata nondo mchana kutwa. Juu tulibuni wagonjwa. Ndivyo programu hizi zinavyopimwa. Unaunda watu wasiokuwepo, unaamua mwenyewe dawa ipi inawaponya, halafu unaiachia programu uone kama itaigundua. Tuliwaumba kwa maelfu, tukawaponya na kuwaacha wakiumwa, bila hata mmoja kulalamika. Kompyuta ilipokuwa ikihesabu sikuweza kukaa. Nilishuka ngazi, nikatembea mpaka daraja la mto Themi, nikageuka, nikarudi, nikakuta bado inahesabu, nikashuka tena. Mwenzangu aliniambia, "Dada, hata ukifika Tengeru kwa miguu haitahesabu haraka zaidi."

Tulikuwa na ubishi mmoja mkubwa na daktari aliyeongoza jaribio. Alikuwa mzee wa makamo, mpole, ila mgumu kama mzizi likija suala la wagonjwa wake. Alitaka programu ianze kuegemea mapema.

"Watu wangu wanaumwa leo," alisema. "Kama dawa moja inaonyesha dalili nzuri, kwa nini niendelee kuwagawia nyingine?"

"Kwa sababu dalili za wagonjwa wachache si dalili, daktari. Ni kelele."

"Na hao watakaoangukia dawa mbovu wakati wewe unasubiri kelele zitulie?"

Nilimwonyesha wagonjwa wetu wa kubuni, jinsi programu yenye haraka ilivyopotea njia mara nyingi kuliko yenye subira. Aliangalia michoro kwa muda mrefu, akakubali shingo upande. Programu ingewagawa wote sawa kwa sawa mpaka kundi la kutosha limalize matibabu. Niliandika sharti hilo mwenyewe na nikaridhika nalo.

Jaribio likaanza. Kisha, msimu wa mvua ulipokuwa unaisha, mama akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeingia kwenye kompyuta yako."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mama anaishi juu ya Tengeru, mahali ambapo migomba inakutana na kahawa, pamoja na kaka yangu mkubwa anayelima mboga. Ana ng'ombe wawili wa maziwa. Mtamba wake alikuwa ametupa mimba wakati wa mvua, na mama, badala ya kumngoja mtaalamu wa mifugo, alimtoa ndama mfu kwa mikono yake mitupu. Hilo nilikuwa nimelisikia. Sikuwa nimesikia kwamba baada ya hapo alianza homa, akatibiwa malaria na ikarudi, mpaka kaka akampeleka hospitali. Hospitali yenyewe ilikuwa mojawapo ya zile zilizokuwa kwenye jaribio letu.

"Umeingiaje?" nikauliza.

"Si wameniuliza kama nataka? Nikasema nataka. Nesi amenisomea maelezo yote, nimeelewa, nimeweka sahihi. Nikamwambia binti yangu ndiye aliyetengeneza hiyo mashine inayogawa. Akacheka. Hakuamini."

"Mama, mbona hukuniambia unaumwa?"

"Ungefanya nini? Wewe si daktari."

Alikuwa amekwisha kumeza vidonge vya kwanza. Nilikaa nikiiangalia kompyuta kama mtu anayemwangalia nyoka amejikunja mlangoni. Watu wawili tu ndio tulioweza kufungua ukurasa unaoonyesha kila mgonjwa yuko kundi gani, mimi na mwenzangu. Ilikuwa kazi yangu kuufungua wakati wa hesabu za katikati, zile za kupima matokeo kabla jaribio halijaisha. Ningebonyeza mara mbili na ningejua.

Nikampigia daktari, nikamweleza.

"Umeangalia?"

"Hapana."

"Usiangalie."

"Ndiyo maana nakupigia. Nifungieni. Mniondoe kabisa upande wa siri."

Alikubali, ila aliyepaswa kunifungia alikuwa mwenzangu, naye siku hiyo alikuwa Tanga kwenye msiba wa shangazi yake. Asingeweza kufanya lolote mpaka kesho yake. Kwa hiyo mlango ulibaki wazi mchana mzima, na mimi mbele yake. Nilijiambia nitaandika jambo lingine. Niliandika mstari mmoja nikaufuta. Nilijiambia kujua si kosa, kosa ni kufanya kitu kwa sababu ya kujua. Nilipojisikia nikisema hivyo kwa sauti, nilizima kompyuta, nikafunga chumba, nikashuka kwa mama mwenye duka la chini.

"Naomba unitunzie funguo mpaka kesho. Hata nikirudi mwenyewe kuziomba, usinipe."

Alinitazama juu ya miwani. "Umegombana na nani, mwanangu?"

"Na mimi mwenyewe."

"Basi hizo funguo ni salama," akasema, akaziweka kwenye droo chini ya kaunta. Niliondoka kwa miguu kutoka Kijenge hadi Moshono, nikipita bodaboda zilizonipigia honi zikidhani nimekosa usafiri. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Nilitembea haraka kama mtu anayefukuzwa, na nilipofika nyumbani sikuwa na cha kufanya, nikaanza kufua nguo zilizokuwa safi.

Kesho yake mwenzangu alinifungia. Nilimwomba anihakikishie, nikajaribu kufungua ule ukurasa mbele yake, ukakataa. Nilidhani ningepata utulivu. Badala yake yalianza majuma mabaya kuliko yote. Programu niliyoiandika ilikuwa inafanya kazi, mama yangu yumo ndani yake, na mimi nilikuwa nje kama mtu yeyote. Mbaya zaidi, nilijua kwamba aliingia wakati ambapo wagonjwa bado walikuwa wakigawanywa sawa kwa sawa. Ilikuwa ile subira yangu. Kama ningekubaliana na daktari, pengine programu ingekuwa imekwisha kujifunza kitu, na mama angepelekwa penye nafuu. Pengine. Neno hilo ndilo riziki yangu, lakini sikuwahi kulichukia kama miezi ile.

Jumamosi nilipanda kwenda Tengeru, nikapita sokoni kumnunulia ndizi na nyama, kisha nikapanda kilimani. Kaka alinipokea nje, mikono imejaa udongo wa kitalu.

"Hapati nafuu," alisema kabla sijamwamkia. "Angalia yuko kundi gani, tuache kubahatisha."

"Siwezi kuangalia. Nimefungiwa."

"Nani amekufungia?"

"Niliomba mwenyewe."

Alinitazama kama nimemtukana. "Wewe ndiye uliyeitengeneza. Sisi huku tunajivunia wewe, mama anajisifu kwa majirani. Halafu ukiwa na nafasi ya kumsaidia mara moja tu, unaomba ufungiwe?"

"Kaka, nikimhamisha yeye kwa kuchungulia, basi wa mwingine naye atahamishwa kwa kuchungulia. Mwishoni hakuna atakayejua dawa ipi inatibu, na homa itabaki hapa hapa."

"Hao wengine hawajakuzaa."

Niliingia ndani. Mama alikuwa amekaa kitandani amejifunga kitenge, akitabasamu, akauliza kama nimekula. Kaka alikuwa ameacha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kwenye bakuli pembeni yake, haijaguswa. Nilipomsaidia kunyanyuka ili nitandike kitanda, mkono wangu uligusa shuka. Lilikuwa limeloa kama limetoka kufuliwa.

"Mama, unaloa hivi kila siku?"

"Kidogo tu."

"Nesi anajua?"

Akageuza uso dirishani. "Nesi ananiuliza, unajisikiaje? Namwambia nzuri."

"Nzuri namna gani, na shuka liko hivi?"

"Nimwambieje? Mtu akikuuliza hali, unaanzaje na mbaya?" Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu chumbani. "Halafu nilishawaambia ni kazi ya binti yangu. Nikisema siponi, watasema mashine ya mwanangu haifai. Sikutaka kukuangusha."

Nilikaa kwenye kitanda kile kilicholowa. Nilitaka kucheka na kulia, na sikufanya hata kimoja. Mama alikuwa akiumwa kimyakimya ili programu yangu ionekane nzuri, na kwa kufanya hivyo alikuwa akiilisha uongo. Sisi tulikuwa tumekaa miezi tukibuni wagonjwa wa kila aina, wanaopona haraka, wanaochelewa, wanaoacha dawa katikati, wanaohama. Hatukuwahi kumbuni mgonjwa mwenye adabu.

"Mama," nilimwambia, "mashine haipati aibu. Inachotaka ni kweli tu. Ukisema umepona na hujapona, itampeleka mtu mwingine ulikopelekwa wewe."

Alifikiri. "Mtu mwingine kama nani?"

"Kama yeyote. Kama jirani yako."

"Huyo wa chini aliyenikatia maji?"

"Hata huyo."

"Huyo ningemwacha," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile tukacheka wote. Kisha akasema, kwa uchovu, "Nipeleke basi nikaseme."

Jumatatu tulikwenda. Mimi nilibaki nje barazani kwa sababu sikuruhusiwa kuwepo, nikawa natembea kutoka nguzo hadi nguzo mpaka mlinzi akanipa kiti kwa kulazimisha. Mama alimweleza nesi yote, jasho, viungo, usiku wa kutolala, na jinsi alivyoshindwa kukamua. Daktari alipomaliza naye, alitoka akanikuta.

"Hatumtoi bado," alisema. "Damu yake nitaipima upya leo, na nitamwona mwenyewe kila juma. Hali ikizidi, nina ruhusa ya kumbadilishia dawa bila kujua alikuwa kundi gani."

"Daktari, nina jambo lingine, si la mama peke yake. Swali letu ni baya."

"Swali gani?"

"Unajisikiaje. Kwa huku hilo si swali, ni salamu. Watu wanajibu nzuri kama wanavyojibu shikamoo kwa marahaba. Waulizwe kama jana waliloa, kama walikamua, kama walipanda kilima bila kupumzika."

Alivua miwani, akaisugua na koti lake. Alikuwa amezaliwa kilomita chache kutoka pale, naye amewaamkia watu kwa namna hiyo hiyo maisha yake yote. "Tumeandika hilo swali sisi sote," alisema hatimaye, si kwa kunilaumu. Ilichukua muda kupata idhini ya kubadilisha maswali, lakini ilipatikana. Manesi wakawaita wagonjwa tena, mmoja mmoja, wakawauliza upya. Mwenzangu aliniambia tu kwamba baadhi ya majibu yalibadilika. Sikumuuliza ni ya kundi gani, naye asingeniambia.

Nilifanya kazi gani siku zile? Niliandika vitabu vya maelekezo. Nilipanga upya majina ya mafaili. Nilipaka rangi mlango wa ofisi. Mwenzangu akiwa kwenye hesabu za siri nilishuka dukani, nikakaa na mama mwenye duka nikimsaidia kupanga misumari kwa ukubwa. Simu ikilia niliacha kila kitu nikaikimbilia. Mara nyingi alikuwa kaka, na mara nyingi hakusema zaidi ya "Leo amekula" au "Leo hajala." Tulikuwa hatujapatana, lakini alinipigia kila siku.

Hesabu za katikati zilifika. Kamati huru, watu ambao hawakuwa wafanyakazi wetu wala wa daktari, walikaa na mwenzangu kwa mchana mzima. Siku iliyofuata, nikiwa sokoni Tengeru nikichagua nyanya, kaka akapiga.

"Mama ameitwa hospitali. Wanambadilishia dawa. Wamesema kundi lake limefungwa."

Nyanya zilinitoka mkononi. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miezi yote ile alikuwa upande mbaya. Mwenye nyanya aliziokota akanipa mpya, labda kwa jinsi nilivyoonekana.

Dawa mpya ilimshika polepole. Kwanza jasho lilikata, kisha akaanza kula, kisha akaanza kumgombeza kaka kuhusu namna anavyokamua, tukajua anarudi. Viungo vya mikono havijapona kabisa hata leo. Asubuhi za baridi, mwezi wa saba, anavikunja na kuvikunjua mbele ya moto kabla hajashika kitu.

Jaribio lilipokwisha na siri ikawa wazi, daktari alinialika ofisini kwake. Alinionyesha matokeo ya mwanzo kabisa, yale ya wagonjwa wa kwanza. Kundi lililokuja kufungwa, kundi la mama, ndilo lililokuwa linaongoza.

"Kama tungefuata haraka yangu," alisema, "tungewapeleka wengi zaidi huko. Ulikuwa sahihi. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu."

Nilimshukuru. Nilijua alitaka kunipunguzia mzigo, na kwa kweli lilikuwa jambo la kiungwana. Lakini nilipokuwa nashuka kwenda barabarani nilikuwa nikijiuliza kama kundi lile liliongoza kwa bahati, kama nilivyokuwa nimemwambia siku ya ubishi, au kwa sababu lilikuwa na watu wenye adabu kuliko wengine. Hesabu haziwezi kunijibu. Majibu ya kwanza, kabla hatujabadilisha maswali, yamekwisha kupita. Na hata kama subira yangu iliwaokoa watu nisiowajua, mama alikuwa miongoni mwa waliolipia. Yote mawili ni kweli, na sijapata namna ya kuyakalisha pamoja.

Sasa tunaandika programu nyingine, ya ugonjwa mwingine. Nimebuni wagonjwa wa aina mpya, wanaosema nzuri wakati si nzuri, na programu inahangaika nao vibaya sana. Mwenzangu anasema tutafika. Mimi bado nashuka ngazi na kutembea.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama kwenda kumwona ndugu yake aliyefiwa. Tulikuwa tukipanda kilima, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Bila kugeuka akauliza, "Siku ile nilipokupigia, ule mlango ulikuwa wazi?"

Kumbe kaka alimweleza habari za ule ukurasa. "Ulikuwa wazi."

"Na hukuingia."

"Sikuingia."

Alitembea hatua kadhaa. "Ningekuwa mimi na wewe ndiye unaumwa, ningeingia."

"Najua, mama."

"Sisemi ulikosea." Alisimama, akashika kiuno, akaniangalia nikimfikia. "Nasema ningeingia."

Tulipanda sambamba mpaka tukafika kwenye boma la msiba. Watu walikuwa wamekwisha kukaa, na wanawake walisogea kumpa mama nafasi.